Ndege moja, bei tatu

*Familia moja ya Chebunyo ilipokaa kumkatia binti yao tiketi ya kwenda Marekani, skrini tatu katika nchi tatu zilileta bei tatu za kiti kilekile. Mwandishi wetu alikuwapo, akaifuata hesabu hadi mwisho.*

CHEBUNYO, BOMET

Kwenye saiba moja hapa Chebunyo, Jumamosi alasiri, watu watano walikuwa wameizingira skrini moja. Baba mtu alikuwa amevua kofia na kuipakata. Mama alishika daftari la harambee, majina upande huu, ahadi upande ule. Binti yao wa miaka 19 ndiye aliyekuwa akisoma: Nairobi hadi Minneapolis, kubadilisha ndege mara moja njiani, tiketi ya kwenda tu, Sh148,600.

"Soma tena," baba akasema. Akasoma tena.

Kijana wa saiba akaweka simu yake juu ya kaunta na kufungua spika. Upande wa pili alikuwa shangazi ya binti huyo, ambaye anatunza wazee katika jimbo la Minnesota, huu mwaka wake wa saba. Naye alikuwa amefungua ukurasa wa kuuzia tiketi huko aliko. Shirika lilelile, tarehe ileile, ndege ya nambari ileile. Dola 1,020.

Haikupita dakika tano, ujumbe ukaingia kwa WhatsApp kutoka kwa mjomba aliye mlinzi huko Doha. Picha ya skrini. Ndege ileile. Riyali 3,960 za Qatar.

Kijana wa saiba akavuta kikokotoo. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, bei ya shangazi ni Sh131,580. Riyali ya Qatar thamani yake imefungwa kwenye dola, riyali 3.64 kwa dola moja, kwa hiyo bei ya mjomba ni kama Sh140,300. Kutoka bei ya chini hadi ya juu, pengo ni Sh17,020.

"Hiyo ni ndama," mama akasema, na kuiandika pembeni mwa daftari.

Hakuna aliyecheka. Ndama wawili walikuwa wameshauzwa.

Mbali na uwanja, karibu na Marekani

Mgeni akisikia Bomet huwaza majani chai. Lakini chai iko juu, Konoin na Bomet ya Kati, kisha inatandaa hadi Kericho. Huku chini Chepalungu mvua ni ya kubahatisha, na mtu huhesabu mali yake kwa ng'ombe na magunia ya mahindi. Uwanja wa ndege wa kimataifa ulio karibu uko Kisumu, na safari za mbali zenyewe zinaanzia Nairobi, kupitia Bomet mjini, Narok na Mai Mahiu.

Hata hivyo, katika maboma niliyoingia wiki hii nilionyeshwa picha za theluji, za sare za wauguzi, za malori ya Canada na za kambi za wafanyakazi katika Ghuba. Benki Kuu ya Kenya inasema Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na zaidi ya nusu ya pesa hizo zilitoka Marekani. Kila dola ya hizo ina mtu aliyepanda ndege kwanza, na kila aliyepanda ndege alikatiwa tiketi na mtu.

Kwa hiyo swali la saiba ile si dogo. Kwa nini kiti kimoja kiwe na bei tatu? Na je, ni halali mtu wa Chebunyo auziwe kwa bei ya juu kuliko wa Minnesota?

Kiti hakina bei, kina kanuni

Kuna zama ambapo tofauti hii isingekuwapo, au ingekuwa ndogo. Mashirika ya ndege yalipounda muungano wao, IATA, jijini Havana mwaka 1945, yalikuwa yakikaa pamoja na kupatana nauli, kisha serikali zikaidhinisha. Shirika letu la pamoja, East African Airways, liliishi maisha yake yote chini ya utaratibu huo, tangu 1946 hadi liliposambaratika 1977. Nauli ilikuwa ghali, lakini ilijulikana.

Marekani ilipofungulia soko lake la ndani mwaka 1978, mashirika yakaanza kubuni namna ya kukiuza kiti kimoja kwa bei nyingi. Siku hizi sehemu ya abiria wa kawaida hugawanywa katika madaraja ya bei yanayoitwa kwa herufi za alfabeti. Y kwa kawaida ni nauli kamili, na chini yake zinafuata M, Q, K na nyinginezo. Viti havina tofauti yoyote, na chakula ni kilekile. Kinachotofautiana ni masharti: ulinunua siku ngapi kabla, unaruhusiwa kubadilisha tarehe au la, una begi ngapi.

Mashirika mengi huziweka nauli hizo katika hifadhi moja kuu iliyoko jimbo la Virginia, Marekani, inayoitwa ATPCO. Kutoka hapo ndipo zinaposambaa hadi kwa mawakala na tovuti za dunia nzima. Kila nauli huja na kurasa za masharti, na sharti nambari 15 ndilo linalotuhusu sisi: nauli hii inaweza kuuzwa wapi, na nani, hadi lini. Shirika likitaka, linaandika kwamba nauli fulani iuzwe Qatar pekee, au isiuzwe Kenya. Kijana wa saiba hapa Chebunyo hawezi kuiona hata akiitafuta usiku kucha.

> Kijana wa saiba hapa Chebunyo hawezi kuiona nauli iliyofungiwa Qatar, hata akiitafuta usiku kucha.

Mkulima wa chai haelezwi jambo hili mara mbili. Kila mwaka, bonasi ya shirika la chai la KTDA inapotangazwa, wakulima wa Kericho na Bomet hulalamika kwamba wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa wamelipwa zaidi kwa kilo ya majani mabichi. Chai hiyo hupita katika mnada uleule wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na ambao huuza kwa dola. Wanajua kwamba bei huamuliwa mahali ambapo mwenye mali hayupo.

Safari inaanzia wapi?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na mimi nilipotea humo kwa miaka.

Wengi huamini kwamba ukibadilisha nchi juu ya ukurasa wa tovuti, au ukitumia programu ya kuficha ulipo, utafunguliwa ghala la bei za chini. Mara nyingine hutokea. Lakini kwa tiketi ya kimataifa, nauli ya msingi hufuata nchi ambako safari inaanzia, na wala si nchi aliyoketi mnunuzi. Safari inayoanzia Nairobi huwekewa nauli ya kutoka Kenya, na nauli hizo huandikwa kwa dola. Shangazi akinunua akiwa Minnesota au mjomba akiwa Doha, msingi wao kwa kawaida ni mmoja. Kinachowatenganisha ni vitu vilivyobandikwa juu: sharti la mahali pa kuuzia, kiwango cha kubadilisha fedha, ada ya muuzaji, na idadi ya mabegi.

Ukitaka kuona pengo la kweli, geuza safari. Tiketi ya Minneapolis–Nairobi–Minneapolis na ile ya Nairobi–Minneapolis–Nairobi zinapita anga moja na maili zilezile, lakini ni bidhaa mbili. Mwezi Desemba walio ng'ambo wanarudi nyumbani kula Krismasi, na nauli ya kuja hupaa. Mwezi Agosti vyuo vya Marekani vinafunguliwa, na ya kwenda nayo hupanda.

Na kwetu Agosti ina jambo lake. Nyumbu huwa Maasai Mara, jirani kabisa na Chepalungu, na watalii waliokuja kuwatazama hurudi kwao kwa ndege zilezile anazozitaka mwanafunzi wetu. Binti wa Chebunyo anagombea kiti na mtu aliyelala hoteli ya Mara jana, aliyekata tiketi yake mwezi Februari.

Kuna pia wale wanaoshauriana kuanzia safari Entebbe, kwa kuwa wakati mwingine nauli ya kutoka huko ni ya chini, hata pale ndege inapopitia Nairobi. Hilo ni sawa ikiwa utapanda basi hadi Entebbe kweli. Lakini asikudanganye mtu kwamba unaweza kununua tiketi ya Entebbe kisha ukaipandia Nairobi. Tiketi hutumiwa kwa mfuatano. Ukikosa kipande cha kwanza, mtambo hufuta vilivyobaki, na pale kaunta ya Uwanja wa Jomo Kenyatta utaambiwa nunua upya, kwa bei ya siku hiyohiyo.

Shilingi inapokohoa

Sehemu kubwa ya kile ambacho Mkenya hukiita bei ya ndege ni bei ya dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa imefika karibu Sh160. Serikali ilipofanikiwa mwezi uliofuata kupata pesa za kulipia sehemu kubwa ya deni la Eurobond lililokuwa likiiva, shilingi ikapata nguvu, na katikati ya mwaka huo dola ikawa karibu Sh129. Tiketi ya dola 1,000 ilishuka kwa Sh31,000 bila shirika lolote kupunguza nauli hata senti moja.

Tovuti haibadilishi fedha kwa kiwango anachokisoma mtangazaji kwenye habari za saa moja. Ina kiwango chake, na ndani yake mna kinga ya muuzaji. Ukilipa kwa kadi ya benki ya hapa kwenye ukurasa wa nje, benki nayo hutoza yake. Ukilipa kwa shilingi kwenye ukurasa unaokuambia "lipa kwa fedha ya nyumbani", mara nyingi umeshalipia starehe hiyo. Abiria wa Minnesota analipwa kwa dola na ananunua kwa dola. Abiria wa Chebunyo anauza ndama kwa shilingi na ananunua kwa dola iliyovalishwa shilingi.

Serikali nazo zina mkono wao. Abiria anayetoka Kenya kwenda nje hutozwa dola 50 za huduma ya uwanja, zikiwa ndani ya tiketi. Anayetoka London kuja Nairobi alitozwa na Uingereza, kuanzia Aprili 2024, ushuru wa paundi 88 hata katika viti vya bei ya chini. Hilo peke yake linatosha kuifanya safari ya kuja na ya kwenda zisilingane.

Upande wa mashirika

Niliketi na mtu aliyefanya kazi ya kupanga nauli Nairobi kwa miaka mingi na sasa amestaafu, akaniomba nisimtaje. Hoja yake ni kwamba ndege ikishapaa na kiti kitupu, kiti hicho kimeharibika kama maziwa yaliyoachwa juani. Kwa hiyo shirika huuza kila kiti kwa anayeweza kukilipia, mahali anapoweza. Doha kuna ushindani wa namna yake, Nairobi wa namna nyingine. Ukilazimisha bei moja kila mahali, akasema, haitakuwa ile ya chini. Mwenye kipato kidogo ndiye atakayeachwa.

Akataja pia hatari ya fedha. Mwaka 2022 shirika la Emirates lilisimamisha safari zake za Nigeria kwa sababu mauzo yake kwa naira yalikuwa yamekwama huko, dola za kuyatoa hazipatikani. Katikati ya 2023, IATA ilisema mashirika yalikuwa yamezuiliwa zaidi ya dola milioni 800 nchini humo. Madaraja ya bei ya chini yakafungwa kwa wanunuzi wa Nigeria, na wenye jamaa ng'ambo wakawa wanakatiwa tiketi huko. Kila shirika linaikumbuka Nigeria linapoitazama shilingi, alisema.

Naikubali hoja ya kiti kitupu. Nashindwa kuikubali sehemu ya pili, kwamba mnunuzi hahitaji kuelezwa. Kama ukurasa unamtoza mtu wa Bomet kwa sababu ya hofu ya shilingi, basi aione hofu hiyo imeandikwa kwa tarakimu kabla hajabonyeza kulipa.

Watu wa saiba wana dhana nyingine, kwamba tovuti hukutambua ukirudi mara ya pili na kukuongezea bei. Mara nyingi maelezo ni mepesi zaidi: viti vya daraja la chini vimekwisha, au ukurasa ulikuonyesha bei ya saa tatu zilizopita. Lakini siwezi kuwalaumu kwa kushuku. Mwaka 2012 iligunduliwa kwamba tovuti ya Orbitz ilikuwa ikiwatangulizia wenye kompyuta za Mac hoteli za bei ya juu. Na mwaka 2025 maseneta wa Marekani waliiandikia Delta wakitaka kujua inavyotumia akili unde kupanga nauli. Shirika hilo lilikana kwamba linampangia kila abiria bei yake binafsi.

Ndege ya mwaka 1959

Nchi hii ina kumbukumbu ya tiketi ambayo hatuisimulii vya kutosha.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, vijana wengi wa Kenya walikuwa wamepata nafasi na hata ufadhili katika vyuo vya Marekani. Hawakuwa na nauli. Mwanasiasa Tom Mboya alizunguka Marekani akichangisha, na Septemba 1959 wanafunzi 81 wakaondoka Nairobi kwa ndege ya kukodi hadi New York. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 ili wengine waende. Wangari Maathai alikuwa katika kundi la 1960.

Hata wakati huo, mlango wa chuo ulikuwa wazi na kilichozuia ni gharama ya kuvuka bahari. Familia ya Chebunyo haina Mboya wala ndege ya kukodi. Ina daftari la mistari.

Na daftari hilo ndilo lililonifundisha jambo ambalo kwangu ni zito kuliko Sh17,020. Mwanafunzi hawezi kununua tiketi kabla ya viza, na harambee haijai kabla watu hawajaona viza. Kabla ya hapo kuna dola 350 za kusajiliwa katika mfumo wa wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za maombi ya viza. Jumla dola 535, karibu Sh69,000, na bado hujagusa nauli. Viza ikitoka, zimebaki wiki mbili au tatu chuo kifunguliwe. Harambee inaitishwa Jumamosi, ahadi zinatimizwa Jumamosi inayofuata, ng'ombe anauzwa siku ya soko. Siku hizo zote madaraja ya chini yanafungwa moja baada ya lingine, kwa kuwa mengine yana sharti la kununuliwa siku 14 au 21 kabla.

> Viza ikitoka, harambee ndipo inapoanza. Na harambee inapokamilika, nauli za chini zimeshafungwa.

Hapo ndipo bei kubwa zaidi inapolipwa. Ukilinganisha tovuti za nchi mbili siku moja utaokoa elfu chache. Ukilinganisha siku ya kwanza na siku ya ishirini, unaweza kukuta pengo la makumi ya maelfu. Watu wetu huambiwa wamezoea kuchelewa. Sijaona uchelewaji wowote katika daftari la mama yule. Kila tarehe iliandikwa, na kila pesa iliingia siku ilipopatikana.

Vyama vya akiba na mikopo vilivyojaa kaunti hii hukopesha kwa mbolea, kwa karo na kwa ng'ombe wa maziwa. Sioni kwa nini visikopeshe kwa nauli siku viza inapotoka, harambee ikawa ya kulipia mkopo.

Sheria iko wapi?

Umoja wa Ulaya ulishaamua. Kanuni yake nambari 1008 ya mwaka 2008 inataka bei ya mwisho ionyeshwe mwanzoni pamoja na kodi na ada zote zisizoepukika, na inakataza kuwabagua wanunuzi walio ndani ya Umoja huo kwa uraia au makazi katika nauli za ndege zinazoondoka viwanja vyake. Marekani tangu 2012 inataka bei inayotangazwa iwe na kodi zote za lazima. Pia inataka shirika likupe moja kati ya mambo mawili: kukushikia nafasi kwa saa 24 bila malipo, au kukuruhusu kughairi ndani ya saa 24 na kurudishiwa pesa zote, mradi umenunua siku saba au zaidi kabla ya safari. Haki hiyo ilimgusa binti wa Chebunyo moja kwa moja, kwa sababu shangazi alikuwa akinunulia huko.

Kenya si jangwa la sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina vifungu kuhusu mikataba ya intaneti. Tuna Mamlaka ya Ushindani, na tuna Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Ninachokitaka mimi si bei moja ya dunia nzima. Ni skrini ya kwanza iseme: nauli hii ni dola ngapi, kiwango kilichotumika ni kipi, ada ya muuzaji ni kiasi gani, mabegi mangapi. Mistari minne.

Tarakimu kumi na tatu

Mambo yanapokuwa ya kutatanisha hivi, tapeli hupata kazi. Ndugu yangu mmoja alikatiwa tiketi ya bei nafuu ajabu na wakala wa mtandaoni ambaye sitamtaja, akapewa karatasi yenye nembo na herufi sita. Tulifika uwanjani saa nne kabla. Herufi sita zilikuwa za nafasi iliyoshikwa tu. Haikuwa imelipiwa, na ilikuwa imefutwa siku mbili nyuma. Nakumbuka alivyokaa juu ya begi lake hadi usiku.

Tangu siku hiyo nina desturi moja. Herufi sita ni ahadi. Tiketi ni nambari ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates. Ukishaipata, ingia tovuti ya shirika lenyewe, au lipigie simu, uhakikishe jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Wakala wa kweli hatakasirika ukimwomba nambari hiyo. Wapo wengi wa kweli, katika miji yetu na Nairobi, na ada yao ya huduma huenda ikawa pesa uliyoitumia vizuri kuliko zote siku ndege itakapoahirishwa na utafute mtu wa kumpigia.

Mabegi mawili

Turudi saiba. Shangazi alikuwa amenyamaza kwa muda, kisha akasema, "Ngojeni. Hii yangu ina begi moja."

Binti akarudi kwenye ukurasa wa Kenya, akashuka chini hadi kwenye maandishi madogo. Mabegi mawili, kilo 23 kila moja. Ya mjomba ilikuwa na mawili pia, lakini alipofika ukurasa wa mwisho ada ya huduma ikaongezeka, naye akaandika tu: "Achaneni na hii."

Begi la pili upande wa shangazi lilikuwa dola 100. Kijana wa saiba akapiga tena: dola 1,120 mara 129, Sh144,480. Pengo la ndama likawa Sh4,120.

"Begi la pili lazima?" baba akauliza.

Mama hakumjibu mara moja. Begi la pili ndilo lililokuwa na blanketi, unga wa wimbi, majani chai ya kumpelekea shangazi mwenyewe, na viatu vya baridi alivyoshonewa mtaani Bomet mjini. "Lazima," akasema.

Wakakubaliana shangazi alipe. Ana saa 24 za kughairi, na kadi yake haitatozwa kubadilisha fedha. Dola 300 zitakuwa mchango wake wa harambee, zilizosalia atatumiwa kidogo kidogo. Nikawakumbusha jambo moja: mashirika mengine humdai msafiri uthibitisho wa kadi iliyolipa, hasa ikiwa ya mtu mwingine, kwa hiyo shangazi aulize mapema na amwandikie barua ya idhini. Binti akaiandika hiyo pia.

Saa kumi na mbili na nusu jua lilikuwa linazama upande wa Transmara, na boda boda zilianza kuwasha taa. Simu ikalia tena. Shangazi alikuwa amelipa. Binti akageuza kadi ya harambee, upande usio na maandishi, akaweka kalamu tayari. Shangazi akasoma nambari polepole, tatu za mwanzo kwanza, na binti akazirudia kwa sauti moja baada ya nyingine. Ya kumi na tatu ilipoandikwa, baba akaomba aishike kadi hiyo mwenyewe, akazihesabu kwa kidole.